Kinu Hakizalishi Mafuta: Uhakiki wa Istilahi za Nishati ya Seli

Utangulizi

Kata ya Utemini, katika Manispaa ya Singida, imebeba jina ambalo kwa umbo lake linatokana na utemi. Vyeo vya watemi vilifutwa kwa sheria mwaka 1963, jina limebaki. Naanza na jambo hili kwa kuwa linatukumbusha, sisi tunaoshughulika na istilahi, kwamba neno huweza kudumu baada ya kitu chake kuondoka. Vilevile neno huweza kukitangulia kitu chake, na pengine kitu hicho kisipatikane kamwe. Hali zote mbili zitajitokeza katika makala haya.

Hapa Utemini, mwalimu mmoja wa biolojia aliniletea karatasi ya kurasa nne. Ilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza, yenye kueleza jinsi seli inavyopata nishati, na mwishoni ilikuwa na ushauri juu ya muhogo mchungu. Ilikusudiwa kusomwa na watu wanaowaelimisha wananchi vijijini. Mwalimu aliniambia, "Mzee, naomba uisome hii. Mimi naielewa kwa sababu najua Kiingereza chake. Sijui asiyekijua Kiingereza hicho ataelewa nini."

Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo kipimo cha tafsiri yoyote ya kitaalamu. Tafsiri inayoeleweka tu na mtu anayeijua lugha ya asili haijatafsiriwa. Imevishwa nguo nyingine. Makala haya yanakusudia kuzipima baadhi ya istilahi za karatasi hiyo kwa kipimo hicho. Sitamtaja mfasiri wala ofisi yake, kwani makosa niliyoyaona ni makosa yetu sote. Nimeyakuta vilevile katika madaftari ya wanafunzi, katika mazungumzo ya walimu, na mengine katika maandishi yangu mwenyewe ya zamani.

Jambo lenyewe

Haifai kuhakiki istilahi kabla ya kuieleza dhana. Basi na tuieleze kwa ufupi.

Katika seli za wanyama na mimea mna viungo vidogo viitwavyo mitokondria. Kila kimoja kina tando mbili, utando wa nje na utando wa ndani. Utando wa ndani umekunjwakunjwa, na kwa njia hiyo eneo kubwa limeingia mahali padogo. Chakula tulacho, baada ya kuvunjwavunjwa, hufika ndani ya mitokondria katika hali ya molekuli ndogo. Huko hunyang'anywa elektroni zake. Elektroni hizo hupokezanwa na mfululizo wa protini zilizomo katika utando wa ndani, kutoka moja hadi nyingine, mpaka zinapopokewa na oksijeni. Oksijeni ikiungana nazo pamoja na haidrojeni, maji hupatikana. Hii ndiyo kazi ya oksijeni tunayoivuta mchana na usiku: kuzipokea elektroni mwishoni mwa safari yao.

Katika safari hiyo elektroni hupoteza nishati kidogo kidogo. Protini tatu kati ya zile za mfululizo huitumia nishati hiyo kuzisukuma protoni kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje wa utando. Kwa kila jozi ya elektroni inayoingia mwanzoni kabisa mwa mfululizo, protoni zipatazo 10 husukumwa nje. Kwa kuwa utando wa ndani hauzipitishi protoni kwa urahisi, zinarundikana upande mmoja. Hapo hutokea tofauti mbili kwa pamoja: tofauti ya ukolezi, yaani upande mmoja una protoni nyingi kuliko wa pili, na tofauti ya umeme, kwa sababu kila protoni ina chaji chanya. Tofauti hizo zikijumlishwa hufikia milivolti 150 hadi 200 hivi. Msomaji ataona ni kidogo. Lakini unene wa utando ni nanomita chache tu, na hivyo ukikadiria kwa mita moja utapata volti milioni 30 au zaidi.

Protoni zilizorundikana hutafuta njia ya kurudi. Njia kuu ni kupitia kimeng'enya kimoja kikubwa ambacho sehemu yake huzunguka kama gurudumu protoni zinapopita. Mzunguko huo huiunganisha ADP na fosfeti, ikapatikana ATP, ambayo hutumiwa na seli kwa kazi zake: kukaza misuli, kujenga protini, kupeleka habari katika neva. Katika mitokondria ya wanyama wa jamii ya ng'ombe na binadamu, protoni 8 hukamilisha mzunguko mmoja, na kila mzunguko hutoa ATP 3. ATP iliyomo mwilini kwa wakati mmoja ni kidogo, lakini huvunjwa na kuundwa upya mara nyingi sana, hata jumla ya ile inayoundwa kwa siku hukaribia uzito wa mwili wenyewe.

Hiyo ndiyo dhana. Sasa tutazame maneno yaliyopewa kazi ya kuibeba.

Kuzalisha nishati

Karatasi inaanza hivi: mitokondria ni "kinu cha nguvu cha seli" na kazi yake ni "kuzalisha nishati". Maneno hayo mawili yana makosa mawili tofauti, na moja ni kubwa kuliko jingine.

Kosa la kwanza ni kuchanganya nguvu na nishati. Nguvu ni neno pana mno katika lugha yetu. Mtu ana nguvu za mwili, serikali ina nguvu za dola, dawa ina nguvu, na zipo nguvu za kiume na nguvu za giza. Katika fizikia yanatakiwa maneno matatu yasiyogongana, na tayari tunayo: nishati kwa uwezo wa kufanya kazi, kani kwa kile kinachosukuma au kuvuta, na nguvu kwa kiasi cha kazi kinachofanyika katika muda fulani. Mfasiri ambaye katika aya moja anaandika nguvu na katika aya ya pili anaandika nishati kwa dhana ile ile anamfanya msomaji aamini kwamba mambo ni mawili.

Kosa la pili ndilo kubwa. Nishati haizalishwi. Hii ni kanuni ambayo mwanafunzi hufundishwa mapema katika fizikia: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika tu kutoka hali moja kwenda nyingine. Mwanafunzi huyo huyo, akivuka ukumbi na kuingia katika somo la biolojia, huambiwa kwamba mitokondria huzalisha nishati. Anaandika yote mawili katika madaftari mawili na kupata alama katika masomo yote mawili. Wala hatuwezi kukilaumu Kiswahili peke yake, kwa maana Kiingereza nacho kina kosa hilo. Hata hivyo, anayetafsiri ana nafasi ambayo mwandishi wa asili hakuwa nayo, nayo ni nafasi ya kuisoma sentensi kana kwamba inaandikwa kwa mara ya kwanza.

Wenyeji wa Singida hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mkoa huu unajulikana kwa alizeti. Mkulima hupeleka magunia yake kwenye kinu cha kukamua, na hurudi na mafuta na mashudu. Hakuna mkulima anayesema kwamba kinu kimezalisha mafuta. Anajua kwamba mafuta yalikuwa katika mbegu, na kama mbegu ni mbovu kinu hakina msaada. Kinu hukamua. Basi tukitaka kuliweka neno kinu katika biolojia na tuliweke pamoja na maana yake ya Singida. Mitokondria haiumbi nishati. Huipokea ikiwa katika chakula, huibadili ikawa tofauti ya protoni, kisha huibadili tena ikawa ATP. Sehemu nyingine hutoka kama joto. Katika miili ya watoto wachanga yapo mafuta ya kahawia ambayo mitokondria zake zina protini inayoziachia protoni zirudi bila kuunda ATP, ili joto lipatikane. Karatasi inasema kwamba hapo nishati "hupotea bure". Kichanga aliyezaliwa Singida alfajiri ya mwezi wa Julai angekuwa na maoni mengine.

Kwa hiyo pendekezo la kwanza: badala ya kuzalisha nishati, tuandike kubadili nishati au kuunda ATP.

Bomba na pampu

Karatasi inasema kwamba katika utando wa ndani kuna "mabomba ya protoni". Mistari michache baadaye inasema protoni hurudi ndani kupitia "bomba" jingine. Hapa nadharia nzima imezama.

Neno bomba lina maana mbili zilizo hai. Ya kwanza ni chombo cha kuvutia au kusukumia maji. Ya pili, ambayo sasa ndiyo inayotangulia katika masikio ya watu wengi, ni mrija ambamo maji hupita, au mahali yanapotokea: maji ya bomba, bomba la mafuta. Katika shughuli za kila siku hakuna madhara. Lakini katika jambo tunalolieleza, tofauti kati ya kusukuma na kupitisha ndiyo nadharia yenyewe. Protini tatu za mfululizo hutumia nishati kuzisukuma protoni mahali ambapo zenyewe zisingekwenda. Kile kimeng'enya cha kuunda ATP huziachia zipite kwenda mahali zinakotaka kwenda, na hufaidika na upitaji wao. Moja hulipa, mwingine hulipwa. Vyote viwili vikiitwa bomba, msomaji hana njia ya kujua kwa nini vinahitajika vyote.

Tunalo neno pampu, nalo limezoeleka kwa wakulima, mafundi na wauza mafuta. Litumike kwa kile kinachosukuma. Kwa kile kinachopitisha tuna njia, mfereji na mrija; mimi napendelea njia. Bomba tuliache lipumzike.

Katika sehemu hii nigusie pia utando na kiwambo, kwani mwalimu aliyeniletea karatasi alipendelea la pili. Hoja yake ilikuwa nzuri: kiwambo hutokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, na jambo la lazima katika utando wa ndani ni kwamba usivuje. Ni kweli kwamba utando hutukumbusha ukoko laini juu ya maziwa au uji, au kazi ya buibui, navyo ni vitu dhaifu. Lakini ngozi ya ngoma haikunjiki, na mikunjo ndiyo inayoupa utando wa ndani eneo lake. Isitoshe, utando umekwisha kuenea katika vitabu. Neno lililoenea lisiondolewe ila kwa kosa kubwa. Utando ubaki, na sifa ya kutovuja ielezwe kwa sentensi.

Mteremko, ukolezi na msukumo

Kwa ile tofauti ya protoni baina ya pande mbili, karatasi inatumia "mteremko wa protoni". Tafsiri hii imefuata neno la Kiingereza ambalo hutumika pia kwa mwinamo wa barabara. Niliwauliza vijana watatu wa sekondari wanachokiona akilini wanaposikia mteremko wa protoni. Wawili walisema kwamba utando umelala upande, na protoni zinaporomoka juu yake.

Wasilaumiwe. Mteremko katika Kiswahili ni mahali, tena mahali penye juu na chini. Katika mitokondria hakuna juu wala chini. Kilichopo ni wingi upande huu na uchache upande ule. Na kwa jambo hilo lugha yetu imejaliwa neno zuri lililotoka jikoni: kukolea. Chumvi imekolea, chai imekolea sukari. Kutokana na kitenzi hicho tumepata ukolezi, na mtu yeyote aliyewahi kupika anaielewa dhana hiyo kabla ya kufundishwa. Mji wetu una maziwa mawili, Singidani na Kindai, yenye maji ya chumvi. Mtoto wa hapa anajua kwa ulimi wake kwamba maji na maji hutofautiana kwa ukolezi. Basi tofauti ya ukolezi ni bora kuliko mteremko.

Lakini tahadhari: tofauti ya ukolezi ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili, nayo katika mitokondria ndiyo kubwa zaidi, ni tofauti ya umeme. Kwa hiyo jina la jumla liwe tofauti ya protoni, nayo ielezwe kwamba ina sehemu mbili.

Mfano wa bwawa ambao karatasi imeutumia ni mzuri, ilimradi usifanywe kuwa istilahi. Maji ya Mtera hushikwa na ukuta. Yakiachiwa huzungusha mitambo ya megawati 80, kisha huendelea kuteremka mpaka Kidatu na kuzungusha mingine ya megawati 204. Msomaji akikumbuka kwamba mitambo haiumbi nguvu za maji bali huzitumia, amekwisha kuelewa nusu ya somo. Mfano humsaidia msomaji kuingia mlangoni. Istilahi ndiyo anayoishi nayo ndani. Tusiviweke vitu hivyo viwili mahali pamoja.

Lipo neno jingine la kuhakikiwa. Uwezo wa tofauti hiyo kuzirudisha protoni umetafsiriwa kuwa "kani ya protoni". Mfasiri alifuata Kiingereza neno kwa neno, na Kiingereza hapa kina kasoro ya kurithi. Kitu hicho hupimwa kwa volti, na kani hupimwa kwa nyutoni. Jina lake lilifananishwa na jina la zamani la umeme ambalo nalo halikuwa kani hasa. Lugha inayoanza haina sababu ya kurithi deni ambalo haikulikopa. Napendekeza msukumo wa protoni. Neno msukumo halijafungwa na kipimo kimoja katika fizikia yetu kama kani ilivyofungwa, na linaeleweka na kila mtu.

Neno lililotangulia kitu

Mwanzoni nilisema kwamba neno huweza kukitangulia kitu chake. Historia ya dhana hii inatoa mfano ambao kila mwanaistilahi angefaa kuujua.

Katika miaka ya 1950 wataalamu walijua kwamba elektroni husafiri na kwamba ATP huundwa, lakini hawakujua kiungo kati ya mambo hayo mawili. Mwaka 1953 E. C. Slater alitoa wazo kwamba kuna kemikali ya kati yenye nishati nyingi, inayoipokea nishati upande mmoja na kuitoa upande wa pili. Kemikali hiyo ilipewa alama, ikaandikwa katika milinganyo, na maabara nyingi zikaitafuta kwa miaka mingi. Haikupatikana. Haikuwapo.

Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell aliandika kwamba kiungo si kemikali bali ni tofauti ya protoni baina ya pande mbili za utando. Wengi walilikataa wazo hilo. Baadaye alifanya kazi katika maabara yake ndogo huko Bodmin, Cornwall, nje ya vyuo vikuu. Ushahidi ulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe walionyesha kwamba kloroplasti zilizoloweshwa katika asidi, kisha zikahamishiwa katika alikali gizani, ziliunda ATP bila mwanga wowote. Mwaka 1974 Efraim Racker na Walther Stoeckenius waliweka katika vifuko vidogo vya mafuta protini mbili tu: pampu ya protoni inayoendeshwa na mwanga, iliyotoka kwa vijidudu vya maji ya chumvi kali, na kimeng'enya cha kuunda ATP kutoka moyo wa ng'ombe. Mwanga ulipomulika, ATP iliundwa. Viumbe wawili wasiojuana walifanya kazi pamoja, kwa kuwa kilichowaunganisha kilikuwa protoni peke yake. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978. Mwaka 1997 Paul Boyer na John Walker nao walishiriki tuzo hiyo kwa kueleza namna kimeng'enya cha ATP kinavyofanya kazi.

Nadharia ya Mitchell karatasi yetu imeiita "osmosisi ya kikemia". Mwanafunzi anaijua osmosisi: maji hupita katika utando kuelekea kwenye ukolezi mkubwa wa chumvi au sukari. Akiisoma osmosisi ya kikemia atayatafuta maji hayo, na hatayaona. Mitchell alilirudia neno la Kigiriki lenye maana ya kusukuma. Hapa tafsiri ya nusu ni mbaya kuliko kutotafsiri. Tukubali kutohoa jina zima, kemiosmosisi, liwe jina la nadharia, na maana yake ielezwe kando. Jina lisiloeleweka humfanya msomaji aulize. Jina linaloeleweka vibaya humfanya aridhike.

Mitokondria moja, mitokondria nyingi

Mwanafunzi mmoja aliandika "mtokondria mmoja". Mwalimu wake alichora mstari mwekundu, na darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Neno hili lilibuniwa na Carl Benda mwaka 1898 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje. Silabi yake ya kwanza haina uhusiano wowote na ngeli zetu. Lakini mwanafunzi alifanya jambo ambalo lugha imelifanya kwa karne nyingi. Kitabu kilitoka Kiarabu bila kiambishi ki-, nasi tukapata vitabu. Msumari nao ulitoka huko huko, nasi tukapata misumari. Sikio la Mswahili likisikia mi- mwanzoni mwa jina la wingi, hutafuta m- ya umoja. Hilo ni dalili kwamba neno limeanza kupokewa nyumbani.

Hata hivyo, kwa sasa nashauri tubaki na mitokondria kwa umoja na kwa wingi, katika upatanisho wa i- na zi-: mitokondria hii, mitokondria hizi. Sababu ni kwamba vitabu vingi vimeshika njia hiyo, na wanafunzi wetu wa sekondari husoma sayansi kwa Kiingereza huku wakifafanuliwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kufanana kwa umbo kunawasaidia. Iwapo baada ya miaka 50 watu wote watasema mtokondria, Baraza litakuwa na kazi ya kuliandika neno hilo, si kulisahihisha.

Upumuaji na muhogo

Nimeliacha mwisho jambo lililo zito kuliko yote.

Ukurasa wa nne wa karatasi una sentensi hii: "Sumu ya muhogo mchungu huzuia upumuaji." Nilimsomea mama mmoja jirani yangu, mkulima, nikamwomba anieleze alivyoelewa. Akajibu, "Inaziba koo, mtu anakosa pumzi." Nikamuuliza, "Na kama mtu amekula na anapumua vizuri?" Akasema, "Basi mwalimu, huo muhogo si mbaya."

Mama huyo hakukosea. Aliisoma sentensi kama ilivyoandikwa. Upumuaji ni kuvuta hewa na kuitoa. Mfasiri alikusudia jambo jingine: ule mfululizo wa elektroni tuliouona. Muhogo mchungu una kemikali ambayo, mizizi ikikatwa au kutwangwa, hutoa sianidi. Sianidi ikiingia mwilini kwa wingi hujishika kwenye protini ya mwisho ya mfululizo, pale elektroni zinapopaswa kupokewa na oksijeni. Foleni yote nyuma yake husimama. Pampu zinasimama, tofauti ya protoni inadhoofika, ATP inapungua. Koo li wazi, mapafu yanapokea hewa, damu inabeba oksijeni, lakini seli haiwezi kuitumia. Mgonjwa huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na kulegea. Anayengoja dalili ya kukosa pumzi amechelewa.

Hili si jambo la vitabuni. Mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu ghafla wakati wa ukame. Mwaka 1985 ugonjwa huo, uitwao konzo, ulionekana wilayani Tarime, nao pia ulikuja na ukame. Mwaka 1988 kusini mwa Tanzania watu walidhurika kwa kula muhogo usiotayarishwa vya kutosha. Konzo huhusishwa na kula kwa muda mrefu muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, pamoja na upungufu wa protini yenye salfa ambayo mwili huitumia kuipunguza makali sianidi. Tusichanganye konzo na sumu ya ghafla. Njia zake mwilini si moja. Lakini kinga ya yote mawili ni ile ile waliyoijua bibi zetu: kumenya, kuloweka au kuvundika, na kuanika siku za kutosha. Njaa ndiyo inayowafanya watu wazikate siku hizo. Singida ni mkoa wa mvua chache, na muhogo hushauriwa kuwa zao la kuvumilia ukame. Kwa hiyo sentensi hii itasomwa wakati ule ule ambapo kuielewa vibaya kuna hatari zaidi.

Nini kifanyike? Kanuni tuliyoizoea ya kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kanuni hiyo imetuzawadia maneno kama bunge na ikulu, na hili la pili lilikuwa makao ya mtemi kabla ya kuwa makao ya rais. Naiheshimu. Lakini kanuni hiyo haikusudii kwamba neno la Kiswahili lichukuliwe hata kama tayari lina kazi nyingine isiyopatana na mpya. Upumuaji una kazi yake. Napendekeza katika vitabu tuandike respiresheni ya seli, na upumuaji tuuachie mapafu. Atakayesema kwamba hilo ni neno geni akumbuke kwamba nishati nayo ilikuja kwa jahazi, na leo tuna wizara yenye jina hilo.

Na katika maandishi ya wananchi istilahi haihitajiki kabisa. Sentensi ile iandikwe hivi: "Sumu ya muhogo mchungu huufanya mwili ushindwe kuitumia hewa unayoivuta. Mtu anaweza kuwa anapumua vizuri, na bado amedhurika." Nilirudi kwa jirani yangu nikamsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza siku ngapi zinatosha kuanika. Hilo ndilo swali ambalo karatasi ilipaswa kulizaa tangu mwanzo.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuzalisha nishati kunapingana na fizikia. Kwamba bomba huchanganya kusukuma na kupitisha. Kwamba mteremko na kani vimefuata umbo la Kiingereza badala ya kufuata jambo. Kwamba osmosisi ya kikemia humpeleka msomaji asikopaswa kwenda. Na kwamba upumuaji, neno zuri mahali pake, linaweza kuwa hatari mahali pasipo pake. Badala yake nimependekeza kubadili nishati, pampu na njia, tofauti ya protoni, msukumo wa protoni, kemiosmosisi na respiresheni ya seli. Sidai kwamba haya ndiyo ya mwisho. Wenye mapendekezo bora wayalete, ilimradi kila mmoja amsomee kwanza jirani yake asiyejua Kiingereza, kisha amsikilize anavyoeleza alichoelewa.

Mwalimu aliyeniletea karatasi ameichukua na kuiandika upya. Kurasa nne zimekuwa tano.

Utemini, Singida